Mafunzo ya sheria ya habari Naivasha: mkufunzi safi, waliohitaji hawakuwepo

Mimi ni karani wa masijala katika kaunti moja ya Bonde la Ufa, miaka 17 sasa. Juzijuzi tulipelekwa Naivasha siku mbili kufunzwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ile inayompa mwananchi haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi za umma. Kampuni iliyotufunza siitaji, maana lawama nyingi hapa si zake.

Asubuhi ya kwanza nilisinzia. Slaidi juu ya slaidi, kifungu cha 35 cha Katiba kikisomwa neno kwa neno, na vitini vyote vya Kiingereza. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwananchi kuleta ombi kwa Kiswahili. Hapo nawakata nyota moja.

Baada ya chai ya saa nne mkufunzi alizima projekta. Akajifanya mama asiyejua kusoma, amekuja kuulizia pesa za kisima cha kijiji. Mwenzangu wa ununuzi akamjibu vile tunavyojibu siku zote: "Unataka ya nini?" Mama akamtazama tu. Ukumbi ulicheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Kumbe sababu ya mwombaji haituhusu kabisa, na asiyeweza kuandika tunamwandikia sisi wenyewe, kisha tunampa nakala ya ombi lake. Kuleta ombi ni bure. Analipia gharama ya kutoa nakala tu. Siku tulizikariri kama watoto wa chuo: 21 za kujibu, 5 za kulihamisha ombi likiwa si la ofisi yako, saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini.

Lakini somo lililonilipa ni la siku ya pili. Tulipewa vocha za malipo tufiche nambari za vitambulisho kabla ya kuzitoa. Nikapaka kalamu nyeusi ya wino mzito, nikaridhika. Mkufunzi akaichukua karatasi yangu, akaiinua dirishani: nambari zote zinasomeka, na ya simu juu yake! Dawa ni kuitoa fotokopi ile uliyopaka, kuiangalia tena kwenye mwanga, na fotokopi hiyo ndiyo umpe mwombaji. Nikakumbuka karatasi nilizowahi kuzitoa, nikaona haya.

Sasa lawama. Kisheria, ofisa wa habari ni mkuu wa taasisi mwenyewe, au yule aliyemkasimu, yaani aliyempa kazi hiyo kwa niaba yake. Mkubwa wetu alifungua kikao, akapiga picha ya pamoja, akaondoka kabla ya chai. Mkufunzi alipouliza nani ana barua ya kukasimiwa, hakuna mkono ulioinuka. Tulikuwa makarani, madereva wawili (sijui nani aliwaandikisha), na vijana wa attachment, wanafunzi waliokuja kujifunza kazi. Mimi najua faili iko rafu gani, lakini sahihi sina. Na adhabu ya kutojibu kwa wakati, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo hadi miezi 3 au vyote viwili, inamngoja huyo ambaye hakuketi kusikiliza.

Chakula kilikuwa kizuri, tilapia hasa. Vyumba vina mbu.

Nyota tatu kati ya tano. Kaunti nyingine ikiwaita, waombeni waanze na zile vocha, na mkubwa wenu apewe kalamu naye apake.

Jumatatu nilikuta barua ya kikundi cha vijana, wanaulizia mkataba wa barabara. Nikagonga muhuri, nikaandika tarehe, nikahesabu siku 21 kwenye kalenda ya ukutani. Faili niliipata kwa dakika kumi. Leo ni siku ya 9, iko mezani kwa mkubwa.