Seti ya kabureta ya injini ya 168F: uzoefu wangu kwenye pampu ya maji, Dodoma

Nimeifunga seti hii ya vipuri vya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kwenye pampu ya inchi 3 inayomwagilia zabibu Hombolo, injini ya petroli ya 168F ya zamani. Mlio ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe bila mtu kugusa mkono wa mafuta. Sasa umetulia. Naipa nyota nne, ila kuna pampu ambazo haitazisaidia kitu.

Kabla hujatoa hela, tazama kwanza maji yanavyotoka. Yakitoka kwa kurukaruka, yamechanganyika na hewa, ujue bomba la kunyonya linavuta hewa mahali. Mzigo ukipungua injini inakimbia, ukirudi inazama, na kabureta haina kosa. Kaza klampu, badili mpira wa koplingi, hakikisha chujio limezama lote.

Maji yakitoka sawasawa, vuta choki, ile inayopunguza hewa, nusu. Mlio ukitulia, petroli inayoingia ni ndogo kuliko hewa. Gavana, yaani kidhibiti cha spidi, inafungua kipepeo (kibati kinachopitisha mchanganyiko kwenda kwenye injini) ili kufidia, spidi inapita kiasi, inafunga, inafungua tena. Kuna mafundi wanaokimbilia kukaza springi ya gavana. Wakatalie. Injini hizi kikomo chake ni mizunguko kama 3,600 kwa dakika. Ukiipitisha hapo unatafuta kuvunja konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti.

Ndani ya seti kuna gasketi, oringi ya bakuli, sindano ya boya, jeti kubwa na jeti ndogo (vipande vyenye tundu jembamba la kupitisha petroli). Kazi yote imefanywa na jeti ndogo pamoja na gasketi. Jeti ndogo ni ile ya plastiki iliyo juu ya kabureta, pembeni ya skrubu inayorekebisha mlio wa chini. Fungua skrubu hiyo, kisha inyanyue jeti taratibu kwa ncha ya bisibisi. Ielekeze juani: iliyo safi inaonyesha nukta ya mwanga, iliyoziba ni giza tupu, na mara nyingi ina utando wa petroli iliyoganda, rangi ya kahawia. Kama huna mpya, zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, kisha upepo wa kompresa. Sindano ya kushonea inapanua tundu, na hapo jeti imekwisha.

Kutoa kabureta ni kazi ndogo. Funga koki ya petroli, toa kisafisha hewa, fungua nati mbili kwa spana ya 10. Kurudisha ndiko kunakotaka utulivu, kuanzia upande wa injini: gasketi, plastiki nene nyeusi, gasketi, kabureta, gasketi, kisafisha hewa. Linganisha kila gasketi mpya na ya zamani kabla ya kukaza. Nyota niliyoikata ni ya hapa, kwa sababu gasketi moja ya seti ilikuwa imekatwa vibaya na kufunika tundu dogo la kabureta; ilibidi kuichonga kwa wembe. Hewa ikipenya kwenye maungio haya mlio utarudi vilevile hata jeti ikiwa mpya.

Jeti kubwa ya seti sikuitumia, kwa kuwa haina namba na ya zamani ilikuwa safi. Wapo wanaosema Dodoma iko juu, kwa hiyo jeti ipanuliwe. Ni kinyume. Mji uko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na hewa nyepesi huzidisha petroli kwenye mchanganyiko, haiipunguzi.

Kinachoziba jeti huku ni vumbi la kiangazi na petroli inayolala ndani masika nzima. Sponji ya kisafisha hewa ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipakwe oili ya injini kidogo na kukamuliwa. Pampu ikipumzishwa, funga koki ya petroli huku ingali inavuta maji, iache izime yenyewe, kisha legeza bolti ya chini ya bakuli utoe matone yaliyobaki.