Kuhakikiana maandiko ya ruzuku: kwa korosho, gawanyeni vyungu viwili

Waombaji wa ruzuku ya utafiti kuhakikiana wao kwa wao si jambo la majaribio tena. NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti wa sayansi, iliwapa waombaji maandiko 7 kila mmoja mwaka 2013. Darubini ya anga ya ALMA, Chile, ambako kinachoombwa ni muda wa kuitumia, tangu 2021 inampa mwombaji maandiko 10 kwa kila andiko lake. Asiporudisha tathmini kwa wakati, lake linaondolewa. Sharti hilo ndilo linalouendesha utaratibu. Bila hilo, maandiko yatalala kwenye meza.

Kinachotupendeza zaidi ni kupanga nafasi badala ya kutoa alama. Mhakiki mkali hutoa 55, mpole 90, na andiko linaponzwa na bahati ya kumwangukia nani. Kwa nafasi, la kwanza kati ya 7 linapata pointi 6, la mwisho sifuri, basi.

Kwa Mtwara na Lindi, kasoro kubwa ni kwamba mhakiki ni mshindani wako. Watafiti wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wanafahamiana; futa jina, lakini shamba la majaribio likitajwa kuwa Nachingwea, mwenyewe amejulikana. Dawa ipo: gawanyeni waombaji vyungu viwili, yaani makundi mawili, kila chungu na fedha zake zilizotengwa mapema, cha kwanza kihakiki cha pili na cha pili kihakiki cha kwanza. Hapo kumshusha mwenzako hakukupandishi wewe. Changanyeni korosho, ufuta, mbaazi na muhogo katika kila chungu. Kihesabu waombaji 14, saba kila chungu, wanatosha, ila ukiondoa wanaoandika pamoja na wanaosimamiana, wakibaki chini ya 20 tungerudi kwenye jopo la kawaida.

NSF ililiongezea pia pointi andiko la mhakiki ambaye mpangilio wake unakaribiana na wa wenzake. Hiyo hatuipendi kabisa. Inakomesha uzembe, kweli, lakini inamfundisha mtu kukisia wengi watasemaje, na wazo geni ndilo linalozama.

Muda: maandiko 7 ya kurasa 15 ni kurasa 105. Toeni wiki tatu, wala zisiangukie msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, watafiti wakiwa mashambani. Kila mhakiki asaini kiapo cha siri kabla ya kufunguliwa faili, maana wazo likishasomwa halirudishwi.