Picha ya mkarafuu ya mwaka 1827: uzoefu wangu wa kununua, kukagua na kuweka fremu

Picha ninayoizungumzia iko ukutani mbele yangu ninapoandika. Ni tawi moja la mkarafuu lenye majani ya kijani kilichokolea na vishada vya karafuu kwenye ncha. Ilichapwa London mwaka 1827 katika Curtis's Botanical Magazine, jarida la mimea lililoanzishwa na William Curtis mwaka 1787. Picha za jarida hilo zilipakwa rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 1948. Hii yangu niliinunua mtandaoni mwaka jana kutoka duka la picha na vitabu vya kale huko Uingereza, kwa paundi 60 bila nauli ya posta.

Naandika kwa sababu kabla ya kuipata nililiwa pesa mara moja na kuharibiwa picha mara moja, na sikupata mtu aliyeandika kwa Kiswahili namna ya kujihadhari. Nimekuwa nikikusanya vitu vya kale vyenye mimea kwa miaka tisa: bakuli, makasha ya nakshi, picha. Sharti langu ni moja, sinunui kitu ambacho mmea wake siujui kwa mikono yangu. Nimezaliwa Pemba. Karafuu nimezichuma, nimezichambua na makonyo yake, nimezianika juu ya majamvi na kukimbia kuzikusanya mawingu yalipotanda. Picha ya waridi la Ulaya hata iwe nzuri vipi siwezi kuihukumu. Ya mkarafuu naweza.

Nianze na ile iliyonitia hasara. Muuzaji mmoja hapa Dar es Salaam, anayetangaza bidhaa zake kwenye simu, alinionyesha picha ya mkarafuu akisema ni halisi ya mwaka 1887, kutoka Köhler's Medizinal-Pflanzen, kitabu cha mimea ya dawa kilichotolewa Gera, Ujerumani. Kitabu hicho ni cha kweli na picha yake ya karafuu ni maarufu mno, tawi lipo katikati na vipande vya ua vilivyopasuliwa viko chini yake. Karatasi ilikuwa ya manjano na kingo zimechakaa. Nikalipa.

Nyumbani nikaichukulia lenzi. Rangi yote ilikuwa vitone vidogo vilivyojipanga kwa mistari iliyonyooka, vya buluu, waridi, njano na vyeusi, kama ukitazama gazeti kwa karibu. Picha za Köhler halisi nazo zina vitone, kwa sababu kila rangi ilichorwa kwenye jiwe lake na kuchapwa juu ya nyingine, lakini vitone vile viliwekwa na mkono wa mtu na havina safu. Nikageuza nyuma. Karatasi ya kale kwa kawaida huanza kugeuka rangi kwenye kingo, ikielekea ndani, na upande ulioangalia mwanga haufanani na ulioelekea ukutani. Hii ilikuwa na manjano yaleyale kila mahali, mbele na nyuma, kama kitambaa kilichochovywa kwenye chai. Mtu alikuwa ameichukua picha kwenye intaneti, akaichapa na kuizeesha. Nilipomwandikia anirudishie pesa alinifungia namba.

Kwa hiyo kabla ya kununua ya pili nilisoma kwanza, na nilipompata huyu muuzaji wa Uingereza nilimwomba vitu vitatu: picha ya nyuma ya karatasi, picha ya karibu ya sehemu yenye rangi, na maelezo ya karatasi hiyo ilitoka kwenye kitabu gani. Alijibu siku ya pili, akaleta vyote, na akaniambia bila kuulizwa kwamba kona ya chini kushoto ina madoadoa ya hudhurungi. Nilimwamini kwa sababu ya hayo madoa. Mtu anayekutajia kasoro ya bidhaa yake kabla hujaiona anastahili kusikilizwa.

Swali la tatu lina uzito kwangu kuliko yote. Picha nyingi za aina hii zinazouzwa zimekatwa kwenye vitabu. Wapo wanaochukua juzuu nzima, kamili, wakaichana kwa sababu kurasa moja moja zinaleta pesa zaidi. Siwezi kushiriki katika hilo. Huyu alinijibu kwamba juzuu ilimfikia ikiwa imeshapoteza kurasa nyingi na jalada lake limevunjika, akanitumia picha zake. Ningeambiwa kwamba kitabu kilikuwa kizima, nisingenunua.

Sasa picha yenyewe, maana hapa ndipo raha ilipo. Juu kulia pana namba 2749, kila picha ya jarida hilo ilipewa namba yake. Chini, kwa herufi ndogo sana, pana jina la Swan, fundi aliyechonga bamba la shaba. Mistari ya tawi na mishipa ya majani ni ya wino mweusi uliobanwa kutoka kwenye bamba hilo, na ukiinamisha karatasi penye dirisha unaona mistari imeinuka kidogo. Rangi ikaja baadaye, ya maji, kwa brashi. Chukua lenzi utazame karafuu ya tatu kutoka juu: wekundu umevuka mstari kwa unene wa unywele. Brashi ilijaa kidogo, au mkono ulichoka. Kwenye jani kubwa aliyepaka rangi ameacha ufito mwembamba wa karatasi tupu ili jani ling'ae, na kweli linang'aa, kama jani la mkarafuu linavyong'aa mvua ikikatika. Hakuna kitone hata kimoja. Nyuma ni peupe kabisa, isipokuwa kivuli hafifu cha mistari.

Jarida wakati huo lilikuwa chini ya William Jackson Hooker, aliyeanza kulihariri mwaka huohuo wa 1827. Waliozipaka rangi picha zake majina yao hayamo kwenye karatasi. Yamo ya mchoraji, ya mchongaji na ya mwenye jarida. Mimi nimekaa na lenzi juu ya kazi ya mtu huyo kwa saa nzima na ningetamani kumjua.

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Wete nilimwonyesha bila kumwambia ni nini. Aliisogelea, akavaa miwani, akakaa kimya.

"Hizi zimecheleweshwa, mwanangu," akasema. "Nani aliziacha mpaka zikachanua?"

Ndivyo ilivyo. Sisi karafuu huichuma ikiwa bado imefumba, pale kijani kinapogeuka wekundu. Ikishafunguka na kutoa zile nyuzi zake nyeupe thamani imeshaanza kupotea, na ikiachwa ikazaa inakuwa mpeta. Mchoraji alitaka ua, mchumaji halitaki. Mama amekaa mashambani maisha yake yote na maua yaliyofunguka kwake ni hasara. Lakini alirudi kuitazama tena jioni, na kesho yake asubuhi, akaniambia aliyechora aliyaona majani vizuri, yale machanga ya nchani yenye wekundu wake.

Mwaka pia unanigusa. Mwaka 1827 mikarafuu ya Unguja ilikuwa bado michache na michanga. Mbegu zilikuwa zimeshafika kutoka visiwa vya Mascarene katika Bahari ya Hindi, lakini Seyyid Said mwenyewe alikuwa hajatia mguu Zanzibar, alikuja mwaka 1828, na msukumo mkubwa wa kupanda ulikuja baada ya hapo. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Shamba la babu yangu halikuwapo picha hii ilipopakwa rangi. Karatasi ina umri mkubwa kuliko karibu kila mkarafuu niliowahi kuukwea.

Usafirishaji sina mengi ya kusema. Ilikuja bapa, katikati ya mbao mbili nyembamba ngumu, imefungwa ndani ya nailoni dhidi ya unyevu, ikachukua wiki tano, na posta nililipa ushuru nikaondoka nayo. Msikubali picha ya kale itumwe imekunjwa kwenye bomba. Karatasi ya miaka mia mbili haipendi kunyooshwa.

Fremu ndiyo inayotaka macho. Miaka minne iliyopita nilipeleka picha nyingine, ya mfenesi, kwa fundi mmoja mjini. Nilipoirudia alikuwa ameipaka gundi nyuma yote na kuigandisha kwenye ubao wa hadibodi. Hakunikosea kwa makusudi, ndivyo anavyofanya picha za harusi kila siku, lakini ndani ya masika moja ubao ulivimba, karatasi ikafanya mawimbi, na asidi ya ule ubao ikaanza kuitia ngeu. Haibanduki. Kosa lilikuwa langu pia, sikumweleza.

Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine, Kariakoo, nikiwa na vifaa vyangu: kadi isiyo na asidi niliyoagiza, karatasi nyembamba ya Kijapani, na uji mzito wa wanga wa ngano niliopika mwenyewe asubuhi ile.

"Dada, hii gundi ya unga si italiwa na wadudu?" akauliza.

"Ni kidogo sana, fundi. Vipande viwili tu vya kushikia juu, picha ining'inie. Siku yoyote nikitaka kuitoa nalowesha kidogo inaachia."

Alisikiliza. Alikata dirisha kwenye kadi kwa kisu, akaliacha pana kiasi kwamba kingo zote za karatasi zinaonekana, na kadi hiyo ndiyo inayoitenga picha na kioo. Hili ni la lazima kwetu watu wa pwani: karatasi ikigusa kioo, unyevu wa masika unaigandisha na ukungu unaingia. Mbao ya fremu ni mninga, bila urembo. Nyuma akaziba kwa karatasi ya kubandika pande zote ili wadudu wasipenye. Alinitoza shilingi 85,000, kazi ya siku mbili, na nampa nyota zote tano. Picha nimeitundika kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, kwa sababu rangi za maji hupauka, na wekundu wa karafuu ndio wa kwanza kuondoka.

Kwa muuzaji natoa nyota nne. Moja naishika kwa sababu ya ukurasa wa maandishi. Kila picha ya jarida lile ilikuwa na maelezo yake yaliyochapwa, na haya yalikuwapo dukani kwake, lakini hakuyaweka kwenye bahasha mpaka nilipouliza, na kwa kuwa mzigo ulikuwa umeshafungwa nikalipia nauli ya pili. Ombeni maandishi tangu siku ya kwanza. Picha bila maandishi yake imepoteza nusu ya habari.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nitume pesa Ulaya wakati michoro ya kale ya mimea imejaa kwenye mbao na vyombo vyetu. Ninavyo na hivyo. Nina bakuli mbili zilizokuwa za bibi, zenye maua ya kugongwa kwa muhuri, na chini yake pana alama ya sfinksi na jina la Petrus Regout, Maastricht. Kiwanda hicho cha Uholanzi kiliuza vyombo vingi pwani yetu, na nyumba nyingi za Waswahili ziliviweka kwenye zidaka pamoja na vya Kichina. Kwa atakayeanza leo na hana pesa ya kuagiza, bakuli za namna hii ndizo pa kuanzia. Geuza, soma alama, pitisha kidole ukingoni utafute ufa. Yaliyogongwa kwa mkono hayalingani, ua moja limepinda, jingine limepauka.

Milango ni jambo jingine. Nilishawahi kuletewa ubao wa nakshi, yungiyungi na mnyororo, uliong'olewa kwenye mwimo wa mlango wa kale katika mji mmoja wa pwani ya bara. Bei ilikuwa ndogo ajabu. Nilikataa, na aliyeuleta nilimweleza sababu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zake zilizochongwa Afrika kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na hazitolewi nchini bila kibali. Hata sheria isingekuwapo, mwimo ni wa nyumba. Ukutani kwangu ungekuwa ubao tu. Anayetaka nakshi ya mimea aende kwa mafundi walio hai wachonge mpya, nao wapo, na yungiyungi lao halina upungufu.

Sasa namfuatilia muuzaji yuleyule kwa picha ya ua la Usambara iliyotoka katika jarida hilo mwaka 1895, miaka miwili tu baada ya Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, kulipa ua hilo jina la kisayansi kutokana na mbegu zilizotoka milima ya Tanga. Ameniambia anayo moja, ila imekatwa kingo mpaka namba ya juu imeondoka. Nimemwomba picha ya nyuma.