Ikikwama, Nani Ataifuata? Roboti za Kijeshi za Ardhini, Kutoka Gati la Lamu

Assalaam aleikum, watazamaji wangu. Mlio Amu, mlio Malindi, mlio Mombasa na ng'ambo, nyote karibuni. Leo nimekaa hapa gatini Lamu, na nyuma yangu mnawaona punda wanne wakipakiwa saruji iliyoshuka sasa hivi jahazini. Sikuwaweka kwenye picha kwa bahati. Bidhaa ya leo ni punda wa chuma: roboti za kijeshi zinazotembea ardhini bila dereva, zinazopeleka maji na risasi penye hatari, zinazomtoa majeruhi, na zinazotangulia kuligusa bomu ili mtu asiliguse.

Baada ya ile video ya droni wengi mliniuliza: na hizi za chini je, zina maana kwetu? Nimekaa na swali hilo miezi miwili, na nitalijibu. Ila kwanza niwaambie kwa nini linanigusa.

Shemeji yangu huendesha basi la kutoka Mokowe kwenda Malindi. Mnaoipita njia ile mwajua ilivyo: mnasimama, mnangoja askari, msafara unaondoka pamoja. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014, na operesheni ya Linda Boni, ya vikosi vya usalama katika msitu wa Boni, ikaanza Septemba 2015. Tangu hapo kilipuzi kimekuwa neno la kila siku katika kaunti hii. Juni 2017 gari la polisi lilikanyaga kimoja upande wa Kiunga, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wa shule waliokuwa wamepanda humo. Basi mimi nikiitazama roboti ya kutegua bomu, naiona ile barabara ya udongo, na kijana anayeambiwa ashuke garini akaangalie kwa nini pale mbele pamefukuliwa.

Sasa tazameni hapa. Hiki kigari nilichokiweka mezani si cha kijeshi. Ni kigari cha kilo kumi na mbili kinachotembea kwa minyororo kama kifaru, mota mbili, kamera moja, rimoti yenye kioo. Nilikiagiza nikiwa na lengo moja: kuyapima kwa mkono wangu yale matatizo ambayo majeshi yanayasema juu ya mashine zao kubwa. Injini na uzito wa mashine hizo nitaeleza kwa maandishi ya watengenezaji, lakini mchanga, chumvi, kuta na matope tunavyo wenyewe.

Nilianzia mitaa ya Langoni. Kuta zetu za matumbawe mwazijua unene wake, na vichochoro vyetu mwajua vinavyopinda. Kigari kilikwenda vizuri hadi kona ya kwanza. Kona ya pili picha ikaanza kukatika. Hatua kama arubaini kutoka niliposimama, kioo kikaganda, na kigari kikasimama mbele ya daka la watu. Hakuna aliyekivuruga wala hakuna adui. Ukuta tu wa jiwe la bahari ndio uliokula mawimbi ya redio. Ikiwa mji uliotulia unafanya hivyo, fikirini mahali ambapo kuna mtu aliyekaa na mtambo wake kazi yake ni kuyavuruga masafa mchana na usiku.

Siku ya pili nikaenda kwenye machuguu ya mchanga ya Shela. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Mchanga ule ni laini sana, unaingia kati ya gurudumu la meno na mnyororo, unajaa, unajibana, halafu ukikata kona ghafla mnyororo unachomoka. Ulichomoka mara tatu kwa saa moja. Dawa niliyoipata ni kukata kona kwa upana, polepole, kama nahodha anayegeuza jahazi, si kama kijana wa bodaboda.

Siku ya tatu ndiyo iliyonipa kichwa cha video hii. Nilikipeleka kwenye matope ya mikoko wakati maji yamekupwa. Kilikwenda mita thelathini kikazama mpaka tumboni. Na ilikuwa bamvua, maji yakijaa hayana subira. Nikavua viatu nikaingia mwenyewe, matope hadi magotini, nikakibeba kifuani. Nilipokuwa nimesimama pale katikati ndipo swali likanijia wazi: ikikwama, nani ataifuata? Maana roboti ikikwama mahali pa hatari, halafu mtu akatumwa kuifuata, yule kijana tuliyemwondoa mbele tumemrudisha mbele, na safari hii anakwenda kuokoa chuma. Kwa swali hilo nimezipima mashine zote ninazowaonyesha leo.

Tuanze na bibi yao. Mwaka 1972, Ireland ya Kaskazini, wategua mabomu wa jeshi la Uingereza walikuwa wakifa kwa mabomu yaliyotegwa ndani ya magari. Ofisa mmoja, Peter Miller, akachukua fremu ya toroli la umeme la bustanini, akaibadilisha ili iende na ndoana hadi kwenye gari lililotiliwa shaka, livutwe kutoka mbali. Mashine ikaitwa Wheelbarrow, yaani toroli, na jina likabaki hata ilipoota minyororo, kamera na mkono. Baadaye ikafungwa mtambo unaorusha maji kwa nguvu kubwa mno, maji yanayosambaratisha nyaya za bomu kabla bomu halijawahi kulipuka. Katika miaka ile ya kazi, zaidi ya 400 ziliharibiwa. Mtu wa hesabu ataona hasara. Mimi nikiangalia 400 naona mara nyingi ambazo mtu alirudi kambini akasema, "Tumepoteza moja," na aliyepotea hakuwa na mama. Kwa swali letu: ikikwama, iachwe. Ndiyo maana ya kutengenezwa kwake.

Ya pili ni PackBot ya Marekani, kutoka kampuni ya iRobot, wale wale waliotengeneza Roomba, kile kifagio cha umeme kinachozunguka chenyewe nyumbani. Hii askari mmoja anaweza kuibeba mgongoni. Mbele ina mikono miwili ya minyororo inayojizungusha, ndiyo inayoiwezesha kupanda ngazi na kujiinua ikipinduka. Ilipelekwa kwenye mapango ya Afghanistan mwaka 2002, itangulie kuona kilichomo. Na ilipotokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima huko Japani, Aprili 2011, PackBot mbili ziliingizwa kwenye jengo ambalo mionzi yake isingemruhusu mtu kukaa. Zilifungua milango, zikapima joto na mionzi, zikatoka. Vita au si vita, kazi ni ile ile: kutangulia.

Ndogo, nyepesi, inaingia pale gari lisipoingia. Udhaifu wake ni ule wa kigari changu: redio na kuta. Lakini ukiiacha umeiacha, na anayeiendesha yuko nyuma ya kinga.

Sasa tufike kwa yule punda hasa, THeMIS, ya kampuni ya Milrem Robotics ya Estonia. Estonia ni nchi ndogo ya kaskazini, pembeni mwa Urusi, na walimwonyesha mnyama wao huyu hadharani mwaka 2015. Naomba mtazame alivyojengwa, maana hapa kuna akili. Ni minyororo miwili mikubwa ya mpira, na katikati jukwaa tupu, tambarare. Injini ya dizeli na betri zimefichwa ndani ya ubavu, kwenye minyororo yenyewe, kwa hiyo juu hakuna chochote kinachokula nafasi. Leo unaweka maji, kesho machela mbili, keshokutwa mkono wa kutegua bomu. Uzito wake ni kilo 1,630, anabeba 750, na anakwenda kama kilomita 20 kwa saa. Dizeli inachaji betri, na akikaribia palipo na hatari injini inazimwa, anakwenda kwa umeme kimya kimya.

Ukimya huo msiudharau. Wamarekani walijaribu punda mwingine, huyu wa miguu minne kabisa, aliyeitwa LS3, wa kampuni ya Boston Dynamics, anayebeba kilo 180. Alikuwa akitembea ajabu, anapanda, anajizuia asianguke. Lakini injini yake ya petroli ilipiga kelele kiasi kwamba askari wa majini waliomjaribu walisema atawatangazia adui walipo. Mwaka 2015 wakamweka kando. Nilimsimulia Ami mmoja hapa, mwenye punda sita. Akaniuliza, "Kwani alikuwa akila nini?" Nikamwambia petroli. Akasema, "Punda wangu hula majani, na usiku huwezi kumsikia mpaka akukanyage." Hapo alitaja mambo mawili ambayo wahandisi wanahangaika nayo hadi leo: chakula cha mashine kinabebwa na nani, na sauti yake inafika wapi.

THeMIS alipelekwa Mali mwaka 2019 na wanajeshi wa Estonia, kwenye joto na vumbi la Sahel, akapita kilomita kama 1,200 kwa saa 330 za kazi. Kwetu hilo lina uzito kuliko majaribio yote ya theluji, kwa sababu joto ndilo linaloua betri na vumbi ndilo linaloua beringi. Kilichobaki nje ya hesabu ile ni chumvi. Upepo wetu wa kusi hubeba chumvi ikaingia kila tundu. Mimi kigari changu nimekiosha kwa maji baridi kila siku, na bado skrubu mbili zimeshika kutu.

Halafu swali letu. THeMIS akikwama? Kilo 1,630 huzibebi kifuani. Alipopelekwa Ukraine, mwaka 2022 kituo kimoja cha utafiti cha Moscow kilitangaza zawadi ya rubli milioni moja kwa atakayemkamata mzima. Mashine ghali ikianguka inakuwa hazina, na hazina lazima ilindwe au ifuatwe.

Na Ukraine ndiko somo lilikoiva. Huko droni ndogo za kulipuka zimejaa angani hata gari la kubebea wagonjwa haliwezi kuukaribia mstari wa mbele, linabaki nyuma kilomita nyingi. Wakageukia roboti za ardhini za bei nafuu, zinazotengenezwa kwenye karakana zao wenyewe: fremu, mota, betri, magurudumu au minyororo, kamera. Hizo ndizo zinazopeleka maji na chakula, ndizo zinazomrudisha majeruhi amelala kwenye jukwaa. Kuna askari aliyejeruhiwa mguu akakwama nyuma ya mistari ya adui siku 33, majaribio kadhaa ya kumtoa yakashindikana, mpaka mwaka 2025 ikafika roboti yenye sanduku la chuma juu yake, akajitambaza akaingia, ikamfunika ikamrudisha. Nikisoma habari ile nilifunga simu kwanza nikakaa. Siku 33.

Na lile tatizo la kioo kuganda? Huko baadhi yao wameacha redio wakafunga faiba, waya mwembamba kama uzi wa mshipi unaojifungua nyuma ya mashine inapokwenda. Kwenye faiba hakuna masafa ya redio ya kuvurugwa. Lakini waya hukatika, hunasa, na msituni kwetu, kwenye vichaka vya Boni, nadhani ungenasa mapema. Ndiyo sababu siamini mashine yenye njia moja tu ya kuzungumza na anayeiendesha.

Nimeulizwa pia kuhusu zile zinazofungwa bunduki. Zipo, na THeMIS mwenyewe huweza kufungwa. Leo sizichambui, na sitazipendekeza. Jukwaa linalobeba machela nalitaka mchana na usiku. Kufyatua risasi kukiachiwa kioo kinachoganda kwenye kona ya pili, hapana.

Haya, uamuzi wangu. Kama ningekuwa na sauti katika ununuzi wa vifaa vya ulinzi wa njia zetu, THeMIS ningemwacha kwanza, pamoja na uzuri wake wote. Ana upana wa karibu mita mbili, anataka lori la kumsafirisha, anataka fundi aliyesomea mfumo wake, na akizama kwenye matope ya masika ya barabara ya kutoka Hindi kwenda Kiunga atahitaji gari jingine na watu wa kumvuta, wakiwa wamesimama pale pale barabarani. Ningeanza na zile ndogo za jamaa ya PackBot, moja katika kila msafara, si moja kambini kuu inayoletwa baada ya kungojewa kwa saa tano. Na pembeni yake ningewapa mafundi wetu kazi ya jukwaa rahisi la kubebea majeruhi, la umeme, la vipuri vinavyopatikana Mombasa. Vijana wanaofunga mota za boti hapa Lamu, wanaozijua chumvi na mchanga tangu utotoni, kazi hiyo wanaiweza. Nimewaonyesha kigari hiki, na mmoja wao kwa jioni moja alinibadilishia gurudumu la meno akaliwekea nafasi ya kutemea mchanga. Tangu siku ile Shela mnyororo haujachomoka tena.

Wiki ijayo, inshallah, nitakirudisha mikokoni kikiwa na kamba ya mita hamsini imefungwa nyuma, nione kama naweza kukivuta nikiwa nchi kavu. Walio na uzoefu wa kutegua mabomu, wastaafu hasa, nawaomba mniandikie hapo chini: kifaa gani mlikihitaji siku ile na hamkuwa nacho? Nielezeni uzito, mkono, taa, chochote. Ila tafadhali, dada zangu na kaka zangu, msitaje kambi wala msitaje barabara wala saa za misafara. Nikiona nitafuta, mnisamehe.