Feri na baiskeli mpaka Inis Mór, magharibi mwa Ayalandi: uzoefu wangu

Kifurushi chenyewe utakiona kikiuzwa kila kona ya mji wa Galway: basi hadi bandari ya Ros an Mhíl, feri ya kwenda na kurudi, kisha baiskeli ya kukodi kisiwani Inis Mór, kikubwa kuliko vyote vitatu vya Aran. Nimekitumia kiangazi na nje ya msimu. Nakipa alama 4 kati ya 5. Moja niliyoipunguza ni kwa sababu ya ratiba: kifurushi cha siku moja kinakufikisha kwenye mawe, hakikufikishi kwenye lugha.

Piga hesabu ya saa mwenyewe. Ros an Mhíl iko kilomita 37 hivi kutoka Galway na basi hutumia karibu saa nzima. Feri ya asubuhi kwa kawaida hung'oa nanga saa nne na nusu, safari ni dakika 40, na ya kurudi huwa karibu saa kumi na moja jioni. Toa foleni ya baiskeli, toa chakula, toa nusu saa ya kuwahi gatini: unabaki na saa nne na ushei kwenye kisiwa chenye urefu wa kilomita 14. Wanaouza safari ya aina hii kutokea Dublin, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, wanakuuzia dirisha la basi. Omba tiketi ya kurudi kesho yake. Mara nyingi bei ni ileile, lakini lazima uiseme wakati wa kukata tiketi.

Tiketi yako inaweza kuandikwa Rossaveel na Kilronan (bandari ya kisiwani), wakati vibao vya barabarani vinasema Ros an Mhíl na Cill Rónáin tu. Hili ni eneo la Gaeltacht, yaani eneo ambalo Kiayalandi ndicho lugha ya jamii, na tangu 2005 vibao vyake rasmi havina majina ya Kiingereza. Anayeendesha gari la kukodi ndiye anayepotea zaidi, ingawa kwa mtu wa Afrika Mashariki kuendesha kushoto si tatizo. Tovuti ya logainm.ie ina majina yote kwa lugha zote mbili, na mengi yana sauti ya kusikiliza.

Kwa anayelewa bahari: panda Ros an Mhíl, si Doolin. Feri za Doolin hazifanyi kazi majira ya baridi, na njia yao iko wazi zaidi kwa mawimbi ya Atlantiki. Kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma, na umeze kidonge kabla ya kupanda. Ukisubiri mpaka tumbo lianze, umechelewa.

Baiskeli hukodishwa hatua chache kutoka gatini. Ya kawaida ni euro 15 hadi 20 hivi kwa siku, ya umeme ni ghali takriban mara mbili. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili na ubadilishe gia zote, maana hewa ya chumvi hula nyaya upesi. Kisha usifuate umati kwenye barabara ya juu, ambayo ina milima ya kukukata pumzi. Shika ya chini, ya pwani ya kaskazini: ni tambarare, inapita mahali sili wanapolala juu ya miamba maji yakitoka, na kilima kinakukinga. Upepo wa huku kwa kawaida hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo kwenda ni mbisho. Barabara ya juu iache ya kurudia, upepo ukikusukuma mgongoni.

Kijiji cha Cill Mhuirbhigh ndipo unapoegesha baiskeli na kukata tiketi ya Dún Aonghasa, ngome ya kale ya mawe, takriban euro 5. Kutoka hapo ni kama mita 900 za kupanda kwa miguu, na kipande cha mwisho ni mwamba mtupu wa chokaa uliosuguliwa na nyayo. Mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Viatu vyenye soli laini viache. Ngome ni kuta za nusu duara zinazoishia ukingoni mwa genge la karibu mita 100, na hapana uzio wowote. Simama mbali, kwa sababu upepo huja kwa vishindo. Nje ya ukuta wa kati kuna mawe makali yaliyosimikwa wima kwa wingi, kumzuia adui asiweze kukimbia. Wengi huyapita bila kuyatazama, nami naona ndiyo sehemu bora kuliko genge lenyewe. Uchimbaji wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu waliishi hapa kabla ya mwaka 1000 KK. Zile nguzo nene zinazoegemeza kuta, hata hivyo, ni ukarabati wa karne ya 19.

Usivuke kuta za mashamba kwa kupanda. Mawe yamepangwa bila saruji, yanaporomoka, na shamba lina mwenyewe. Udongo wa ndani yake nao ni wa kutengenezwa: vizazi vya watu vilitandaza mchanga na mwani juu ya mwamba mpaka viazi vikaota. Mageti ni machache. Mahali pa kupitishia ng'ombe hubomolewa na kujengwa upya.

Sasa lugha. Mchana utasikia Kiingereza, kwa kuwa wenyeji wanahudumia wageni. Feri ya mwisho ikishaondoka, dukani na baa Kiayalandi kinarudi. Anza na "Dia dhuit", utajibiwa "Dia is Muire dhuit"; wakikugeukia kwa Kiingereza si dharau. Programu za kujifunzia hufundisha zaidi Kiayalandi sanifu, wakati hapa ni lahaja ya Connacht, jimbo hili la magharibi. Kamusi ya mtandaoni ya teanglann.ie ina rekodi za lahaja tatu; sikiliza ya Connacht kabla ya safari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu 72,000 tu nchini wanaokizungumza kila siku nje ya shule, kwa hiyo usimwombe mtu "aseme kidogo" mbele ya kamera. Chooni, mlango wa Mná ni wa wanawake, Fir wanaume.

Viza ya Schengen haikuingizi Ayalandi; wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huomba ya Ayalandi yenyewe. Na bahari ikichafuka feri hufutwa, hasa kuanzia Oktoba, basi usipange ndege ya kurudi nyumbani kesho yake asubuhi.