TAHADHARI: Fundi anayekuuzia kontroli boksi kabla hajapima eathi

Wenye Corolla 110, Carina, Mark II za zamani na Vitz za mwanzo, someni hili kabla hamjatoa hela. Hapa Dar kuna mtu anazunguka, anajiita fundi umeme wa magari, lakini kazi yake hasa ni kuuza kontroli boksi (kompyuta za injini) za mtumba. Simtaji. Jina analojitambulisha nalo na lile linalotokea ukimtumia hela kwa simu hayafanani, halafu mchezo wenyewe hachezi peke yake. Ukiujua mchezo utamtambua yeyote anayeucheza.

Mimi nafanya umeme wa magari, kwa hiyo magari aliyopita yeye yananifikia baadaye yakiwa na ugonjwa uleule.

Anachowinda ni gari yenye hitilafu ya kuja na kuondoka. Inazima ghafla kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, unakaa nusu saa, unapiga ufunguo inawaka kama haijawahi kuumwa. Au ukipita tuta taa za dashibodi zinacheza. Mwenye gari wa namna hiyo ameshabadilisha plagi, pampu ya mafuta na betri, kila gereji inamwambia la kwake. Amechoka, na aliyechoka haulizi maswali mengi. Jamaa anakuja mpaka ulipo, anachomeka kidude cha Bluetooth cha kusomea hitilafu za gari, anakuonyesha simu yenye maandishi mekundu. "Bosi, kontroli boksi imekufa." Ana nyingine kwa rafiki yake Ilala, ya Japani kabisa, laki tatu na nusu. Saa moja haijaisha imefungwa, gari inawaka, unashukuru. Ile ya zamani anaitia kwenye begi lake: "Hii takataka, niachie."

Gari inapona kweli, na hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Ili kubadilisha boksi lazima achomoe waya wa betri, achomoe soketi kubwa za boksi, avute kifungu cha waya, kisha arudishe vyote. Pini iliyoshika kutu imesuguliwa, soketi iliyolegea imekaa, waya uliokatika ndani ya ganda umegusana tena. Hitilafu ya kuja na kuondoka ukiitikisa inaondoka. Angeweza kurudishia boksi yako ileile na gari ingewaka vilevile. Baada ya wiki mbili tatu joto na mtikisiko vinairudisha, na yeye simu yake haipatikani.

Nilimshtukia kwa sababu ya mazoea yangu. Boksi yoyote ninayoifungua naiandika alama ndogo kwa kalamu ya rangi, upande wa ndani wa kifuniko. Ililetwa kwangu Corolla iliyokwisha "tibiwa", bado inazima. Nikafungua boksi aliyouziwa mteja, nakuta mwandiko wangu mwenyewe. Ilitoka kwenye Corolla ya mtu mwingine niliyemfanyia kazi zamani. Nikampigia mwenye nayo: ndiyo, aliambiwa imekufa, akaiacha, akanunua nyingine. Boksi hiyo "marehemu" ilikuwa inatembeza gari ya mtu Mbagala! Ugonjwa wenyewe wa gari niliyoletewa ulikuwa waya wa eathi (unaorudisha umeme kwenye betri) kati ya injini na bodi, umeliwa na kutu chini ya bolti. Msasa na bolti mpya, basi.

Sasa hayo maandishi mekundu. Swichi ikiwa ON, ukichomoa soketi ya sensa ya hewa, Toyota nyingi zinaandika misimbo ya hitilafu P0100 na P0110 papo hapo. Ukirudisha soketi, msimbo unabaki kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo fundi anayekutuma ukamletee maji huku boneti iko wazi anaweza kujitengenezea ugonjwa anaoutaka. Tena Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilizotumika Japani hazizungumzi kabisa na vile vidude vya bei rahisi vya simu. Zenyewe zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka swichi ON bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inahesabu misimbo kwa kupepesa. Ikipepesa haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kusita, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Soma maandishi ndani ya kifuniko usikosee tundu, maana ukiunganisha ovyo unaweza kuchoma kitu.

Gari ikizima, kuna jambo unaweza kuliangalia wewe mwenyewe pale barabarani kabla ya kumpigia mtu yeyote. Rudisha ufunguo, weka ON, tazama taa ya injini. Ikigoma kuwaka wakati siku zote huwaka, mara nyingi boksi haipati umeme: tafuta fyuzi iliyoandikwa EFI, relei yake (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo. Ikiwaka, starta inazungusha lakini injini haishiki, na mshale wa mizunguko ya injini (RPM) umelala chini kabisa, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) au distributa (inayogawa moto kwenye plagi) ndiyo ya kushukiwa kwanza, hasa kama gari huzima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa. Piga video kwa simu. Video ya sekunde chache gari ikiwa imezima inanisaidia kuliko maelezo ya saa nzima gari ikiwa nzima.

Halafu alamu. Jamani, alamu hizi za kufungiwa mitaani! Aliyeifunga alikata waya wa swichi au wa pampu ya mafuta chini ya usukani, akapitishia kwenye relei ndogo, akasokota waya kwa mkono na kuzungushia selotepu. Gundi ikiyeyuka kwa joto waya unalegea, na gari inazima ukipita shimo. Vifaa vya kufuatilia gari navyo hufungwa vivyo hivyo. Nikiletewa Toyota ya zamani inayozima bila mpangilio, kabla sijafungua kitu kingine nalala chini ya usukani na tochi.

Eathi inapimwa kwa maltimita (kipima umeme) ya kawaida. Injini inanguruma, taa kubwa na feni vimewashwa: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha kwenye bodi. Ukiona zaidi ya volti 0.2, eathi ina matatizo. Kwenye nguzo mbili za betri, alteneta nzima inakupa kama volti 13.5 hadi 14.5. Fundi asiyeshika maltimita hata mara moja na tayari ametaja bei ya boksi huyo ni muuzaji.

Sisemi kontroli boksi hazifi. Zinakufa. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula njia za shaba ndani ya boksi. Ukifungua unaona doa na harufu kama ya samaki. Maji nayo yanaua. Lakini boksi ni ya mwisho kushukiwa, na anayesema imekufa akufungulie uone, au athibitishe kwa kipimo kwamba umeme na eathi vinafika na bado haifanyi kazi.

Ikibidi kununua, piga picha namba ya boksi yako kwanza. Kwa Toyota nyingi huanzia 89661, na mpaka tarakimu za mwisho zilingane na ya kuletewa. Kufanana kwa soketi hakutoshi. Gari yenye ufunguo wa chipu haitawaka na boksi ya mtumba mpaka ifanyiwe usajili wa funguo, na hapo ndipo anapokuongezea bei ya pili. Boksi yako ya zamani usimwachie kwa hali yoyote, hata akikupunguzia elfu hamsini. Yapo maduka ya spea pale Ilala yanayokubali kuandika risiti yenye namba ya kifaa na muda wa kurudisha. Huyu jamaa ukimtajia risiti anakumbuka ana mteja mwingine anamsubiri.

Kama alishaondoka na boksi yako, usimpigie kumtishia, atazima laini. Mpe rafiki yako ile namba ya 89661, aulizie kama mnunuzi. Akikubali kuileta, nenda kituo cha polisi kabla ya kukutana naye, si baada. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na muamala wa simu unatosha kuanzia: una jina la mwenye laini, saa na kiasi.