Uzoefu wangu na Top Gear baada ya wale watatu kuondoka

Mi ni fundi gari hapa Mtwara mjini, kazi yangu kubwa ni Hilux na Noah zinazoletwa zimechoka na barabara ya Newala. Top Gear, kile kipindi cha magari cha televisheni ya BBC ya Uingereza, sikuianzia kwenye king'amuzi, niliianzia gereji. Bosi wetu alikuwa na flashi aliyojaziwa na kijana anayeuza muvi sokoni, mvua ikinyesha kazi hakuna tunajibana wote kwenye laptop moja, kingereza chenyewe tunaokoteza, kuna mmoja wetu ndo mkalimani na najua nusu alikuwa anatupiga kamba.

Iliyonikamata ni ile episodi ya Hilux, waliyoitoa mwaka 2003. Wazungu wanaiacha baharini maji yanajaa yanaifunika, wanaitia moto, mwisho wanaipandisha juu ya ghorofa na ghorofa lenyewe linalipuliwa linashuka chini, halafu fundi anaifukua kwenye kifusi, haruhusiwi spea mpya hata moja, anaishikashika na inawaka! Gereji tulipiga kelele mpaka muuza mihogo wa jirani akaja kuangalia kama kuna ajali. Uani kwetu siku hiyo ilikuwepo Hilux ya mteja wa korosho, imepigwa na chumvi ya bahari ya Msimbati tu na ilikuwa imegoma wiki ya pili, tukaitazama kwa aibu.

Sasa watu wanasema bila wale watangazaji watatu wa zamani, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May, hakuna Top Gear. Mi nasubiri kidogo hapo. Kipindi hicho BBC wamekianza 1977, na kiliporudi upya 2002 James May hakuwemo, alikuwepo jamaa anaitwa Jason Dawe, akaondoka baada ya msimu mmoja May akaingia 2003. Umewahi kusikia mtu analilia Jason Dawe? Kwa hiyo kubadilisha mtu siyo shida.

Shida ilikuja 2015. Clarkson alimpiga prodyuza kisa chakula cha moto hakipo hotelini, BBC wakagoma kumpa mkataba mpya, wenzake wakamfuata na wote watatu wakahamia Amazon na kipindi kipya, The Grand Tour. Kwa hiyo BBC wakabaki na jina na yule dereva wa kofia nyeupe, Stig, asiyeongea. Msimu wa 2016 wakamleta Chris Evans, yule mtangazaji wa redio, na Matt LeBlanc, yule Joey wa tamthilia ya Friends. Nilitoa bando langu kuutafuta na niliumia. Magari makali, picha nzuri kuliko zamani, ila Evans anapaza sauti muda wote kama kondakta anayegombea abiria stendi, na utani wao unausikia kabisa kwamba umeandikwa kwenye karatasi. Na utani sisi huku tunaujua jamani. Mtani wako anakuja msibani anachukua sufuria anakaa juu ya kaburi anadai pesa na unacheka huku unalia, kwa sababu ni mtani wako tangu mababu, akifanya hivyo mtu baki anakula kofi. Wale watatu walishakuwa watani, wamelala porini wameibiana zana, May amecheleweshwa njiani wenzake wamemuacha kweli, sasa wewe umekutana na mwenzako juzi unamtania kuhusu kitambi chake mbele ya kamera, nani acheke? Evans mwenyewe aliachia ngazi baada ya msimu huo mmoja.

Baadaye LeBlanc akabaki na Chris Harris na Rory Reid, ikawa inaangalika, Harris anajua gari huyo, akikuambia gari inateleza nyuma unaelewa kwa nini. Lakini nilikuwa naangalia kama fundi, sicheki.

Waliofufua ni wale wa 2019, Harris na Paddy McGuinness mchekeshaji na Freddie Flintoff mcheza kriketi. Hawa hawakuigiza wa zamani, wawili hawajui mambo ya gari kivile na wanakiri, mmoja anaogopa anatetemeka kweli, na kufikia msimu wa tatu hivi nikajikuta nawasubiri wao na siyo gari. Ndo pale niliposema hiki kipindi kimepona. Halafu Desemba 2022 Flintoff akapata ajali mbaya wakati wa kurekodi, akaumia usoni, na Novemba 2023 BBC wakatangaza wamekipumzisha. Kwa hiyo kilichokizima safari hii siyo watangazaji wapya kukataliwa, ni ajali, na kusema kweli mtu akiumia hivyo hata mi sidai episodi.

Nyota zangu: wale wazee nyota tano, ijapokuwa ile safari yao ya kutafuta chanzo cha Nile waliingia mpaka Tanzania hii na kusini hawakutia mguu, wangekutana na barabara ya Somanga wakati wa mvua wangejua gari ni nini. Evans moja na nusu. LeBlanc na wenzake tatu. Harris, Paddy na Flintoff nne, wangepewa miaka miwili mingine labda ningeongeza.

Bosi yeye hataki kusikia, amefuta kila kitu cha baada ya 2015 kwenye flashi akajaza singeli, ukitaka kuwaona hao wapya njoo gereji uangalie kwenye simu yangu, kioo kimepasuka kidogo ila sauti ipo.